Dhamana ya Rahila

Masouda alimwita mara mbili, "Rahila," na yule mwanamke hakugeuka. Alikuwa amechutama jikoni anachagua mchele, mgongo ameupa mlango. Masouda alipobadilisha akasema "Wifi," ndipo alipoinuka haraka, sinia mkononi, anatabasamu.

"Labeka wifi. Sikukusikia."

"Nimekwita kwa jina lako."

"Masikio yangu tangu ndege ile hayajazibuka."

Masouda akachukua birika lake akatoka. Mgeni alikuwa na siku chache tu katika nyumba ile ya Matrah, jirani na Maskati, nyuma ya soko. Alifika kutoka Mombasa kwa njia ya Dubai, na mkoba mmoja na nguo aliyovaa. Mume wake Masouda, Thani bin Aflah, karani wa forodha, alikuwa ameomba miaka mingi dada yake huyu aruhusiwe kuja, na miaka yote hiyo akijibiwa kwamba watu wa Unguja wametosha. Mwaka huu wa sabini mambo ya serikali yalipobadilika, mlango ukafunguka. Thani akaenda ofisi ya pasi, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba Rahila binti Aflah ni dada yake wa baba na mama, kwamba kabila lake ni moja na lake, na kwamba chochote atakachofanya nchini dhamana ni yake yeye.

Masouda alizaliwa Tabora, Unguja hajapata kuiona, na wifi yake huyu hakuwa anamjua hata kwa picha. Lakini macho alikuwa nayo. Alimwona Thani akikohoa kabla ya kuingia ukumbini kama aliyemo ndani si mwanamke wa kwao. Alimwona akizungumza naye huku anatazama mkeka. Kaka na dada waliopoteana miaka kumi na tatu wangekesha wakiulizana habari za fulani na fulani. Hawa waliulizana kama chai imetiwa sukari.

Na mama mkwe wake, Bi Sayyida, alikuwa vilevile. Macho ya bibi yule yalikuwa yamefunikwa na ukungu, haoni ila vivuli. Siku mgeni alipofika alimshika, akalia mpaka mtandio wake ukarowa. Tangu siku ile analala naye chumba kimoja. Lakini hajamuuliza hata neno moja la huko alikotoka.

*

"Huyu ni dada yako?" Masouda aliuliza siku hiyo Thani aliporudi kazini.

Thani alikuwa anavua viatu. "Swali gani hilo?"

"Leo mwiko umemponyoka akasema 'ntoto huyu ataungua.' Ntoto. Rahila mtu wa Unguja mjini, si ndivyo ulivyoniambia? Hao wanaosema ntoto ni watu wa Pemba."

"Amekaa na Wapemba. Walikimbia pamoja."

"Unamkumbuka alivyokuwa?"

"Nilimwacha ana miaka minane, Masouda. Nikaenda Bahrain kutafuta kazi. Ntamkumbuka vipi?"

Hapo ndipo jambo lililokuwa likimkaa Masouda kooni lilipotoka. "Bahrain ulikaa miaka sita peke yako kabla ya kunioa. Nyumba zile zilikuwa zimejaa watu wa Unguja na Pemba. Mimi sikuulizi ulifanya nini. Lakini kama una mke, mlete kwa jina la mke. Usimpitishe mlangoni kwangu kwa jina la dada, nikamtandikia na kumpikia mimi."

Thani alimtazama, kiatu kimoja bado mguuni. Kisha akacheka kidogo, na kucheka kule ndiko kulikoharibu. Masouda alichukua mto wake, akahamia chumba cha watoto.

*

Mahbuba, mke wa Ghanim, alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Alikuja asubuhi na sahani ya tambi, akakaa, akamtazama mgeni anavyopita na ndoo ya maji aliyoipokea kwa mchota maji wa punda.

"Hafanani na Thani," alisema.

"Hafanani."

"Wala na Bi Sayyida."

Masouda alikuwa hajalala. Alimimina kahawa, ikamwagika kwenye sinia. "Shoga, mie mwenyewe sijui kaniletea nani humu ndani. Hilo ndilo linaloniua. Jina la dada, lakini dada huyo simuoni."

Mahbuba alifuta kahawa iliyomwagika kwa ncha ya leso, akazungumza habari za bei ya samaki, akaaga. Masouda alipofunga mlango ndipo alipokumbuka kwamba mwezi uliopita Ghanim alikuja na habari ya shemeji yake aliyeko Dar es Salaam, akamwomba Thani aende akamshuhudie ofisini. Thani alikataa. Alisema mbele ya watu kwenye baraza, "Mimi simwapii mtu nisiyemjua." Ghanim aliondoka pale bila ya kunywa kahawa, na shemeji yake mpaka leo yuko Dar.

Masouda alisimama mlangoni kwa muda, mkono juu ya komeo. Alitaka kumwita Mahbuba arudi, lakini angemwambia nini?

*

Askari alimkuta Thani kazini, mbele ya wenzake, akamwambia anatakiwa ofisi ya pasi sasa hivi.

Karani wa pale, Bakhit, hakumkaribisha kiti. Alizungumza Kiarabu cha haraka, na kila Thani alipotafuta neno, alimsubiri huku anawatazama wengine waliopanga foleni, kama anayewaomba wamsaidie kusubiri.

"Ulimwapia Rahila binti Aflah."

"Ndiyo."

"Mara ya mwisho kumwona kabla hajaja ilikuwa lini?"

"Alipokuwa mtoto mdogo."

"Basi umemwapia usiyemjua," alisema Bakhit. Mtu mmoja katika foleni akacheka. Thani aliyatambua maneno hayo, akajua yametoka nyumba gani.

"Tumeambiwa si dada yako. Tumeambiwa hata mke wako hamjui. Jumamosi sheikh wa kabila atakuwepo. Mlete mwanamke mwenyewe, na mlete mama yako. Mama ndiye anayejua alichozaa. Akisema siye, mwanamke atarudi alikotoka, na wewe tutaanza kukuuliza wewe ni nani. Nyinyi watu wa Zinjibari kila mmoja anakuja na babu wa huku."

Thani alitembea kutoka Maskati mpaka Matrah kwa miguu, juu ya barabara ya mlimani, ingawa Landrova za abiria zilimpita na kumpigia honi. Hata mke wako hamjui. Neno hilo alilibeba njia nzima.

*

Bi Sayyida alikuwa amelala usingizi wa mchana. Thani aliwaita wanawake wawili jikoni, akafunga mlango, akaeleza alivyoambiwa. Alieleza polepole, bila ya kumtazama mkewe. Alipomaliza alimgeukia mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu alipofika alimtazama usoni.

"Mama yetu alikuwa na duka la vitambaa au la khanga?"

Mgeni aliendelea kukata kitunguu.

"Hakuwa na duka," alisema Thani. "Hajapata kuuza hata sindano. Wewe ni nani?"

Yule mwanamke aliweka kisu alichokuwa amekishika juu ya ubao, akajifuta mikono.

"Jina langu Muhsina. Kwetu Chake Chake."

"Na Rahila?"

"Amekufa. Mombasa, kabla ya Ramadhani."

Nje mchota maji alikuwa akimgombeza punda wake. Thani alishika ukingo wa meza, akaubana.

Muhsina alieleza akiwa amesimama, sauti ya chini, kama anayerudia anayosomewa na mtu. Kwamba walijuana Unguja, wakishona nguo nyumba moja. Kwamba mwaka jana kulitokea mkubwa mmoja wa serikali aliyemtaka yeye Muhsina, mtu asiyekataliwa, na Rahila ndiye aliyemjua mwenye mashua. Walivukia Tanga, wakaingia Mombasa kwa magari ya mizigo. Huko Rahila akaanza kukohoa. Aliuguzwa chumbani kwa sababu hospitali wangewauliza karatasi.

"Ruhusa yako ilipofika alikuwa ameshazikwa. Nilikwenda mimi kuipokea. Nilikwenda kuwaambia kwamba mwenyewe hayupo. Mzee wa ofisi aliyekuwa nayo akaniuliza, wewe ndiye Rahila? Nikasema ndiyo. Akaniambia nikapige picha."

"Alikwambia yeye?" aliuliza Masouda. "Alikwambia, nikifa nenda wewe?"

Muhsina angeweza kusema ndiyo. Wote watatu walijua kwamba hapana wa kumsuta.

"Hakunambia. Alikuwa akizungumza habari za kuja huku mpaka siku ya mwisho. Ruhusa niliichukua mwenyewe."

"Ukaja ukamwita mama yangu mama," alisema Thani.

"Nilidhani ntakaa siku mbili, nitafute njia nyingine. Halafu akanishika vile. Kila siku nilitaka kusema. Jumamosi ntasema. Usiape tena kwa ajili yangu, kaka Thani. Mara ya kwanza uliapa hujui. Sasa unajua."

Thani alifungua mlango akatoka, akakaa uani kwenye mtungi uliofudikizwa. Alitaka kulia, lakini chumba cha mama yake dirisha lake linatazama ua. Akavuta pumzi kwa kinywa mpaka kifua kikatulia. Masouda alimfuata, akachutama mbele yake.

"Mahbuba nilimwambia mimi," alisema. "Kwamba simjui aliyekuja. Nilidhani ni mke mwenzangu."

"Nimejua."

"Nipige."

"Nikupige nipate nini?"

Masouda alikaa chini kwenye vumbi, na nguo yake njema. Wakakaa hivyo, hawagusani, mpaka waliposikia Bi Sayyida anakohoa ndani na yule mwanamke wa Chake Chake anamwitikia.

*

Mara tatu Thani aliingia kwa mama yake kumwambia, na mara tatu alitoka amezungumza mambo mengine. Mara ya mwisho alifika mpaka kusema, "Mama, Jumamosi watakuuliza habari ya Rahila."

"Wataniuliza nini?"

"Kama huyu ndiye."

Bi Sayyida alikuwa na tasbihi mkononi. Vidole havikusimama. "Basi buibui langu lioshwe," alisema. "Na nataka kwenda kwa gari. Miguu yangu haiwezi ule mlima."

Masouda aliliosha buibui, akalipiga pasi ya makaa. Mkoba wa Muhsina ulikuwa umeshafungwa na kuwekwa karibu na mlango. Alikuwa amefanya mwenyewe, bila ya kuambiwa. Masouda alipita hapo mara nyingi asubuhi ile. Aliufikiria mji ambako Muhsina atarudishwa, kisha alimfikiria Rahila, ambaye hajapata kumwona, akikohoa katika chumba cha watu. Akawa hajui amchukie nani. Kumchukia Mahbuba ndiko kulikokuwa kwepesi, lakini kila akianza alijikuta mwenyewe pale, na birika la kahawa mkononi.

*

Sheikh alikuwa mzee mwenye ndevu nyembamba, aliyeshuka kutoka ndani ya nchi kwa kazi ya siku mbili na alionekana kuchoka na watu. Mbele yake walikaa Bi Sayyida na Muhsina, nyuso wamezifunika. Thani alisimama ukutani. Karibu na dirisha alikuwepo Ghanim. Hapana aliyesema amekuja kufanya nini.

Sheikh aliuliza kwa Kiarabu. Bi Sayyida alikielewa, lakini alijibu kwa Kiswahili, na Thani akafungua mdomo kufasiri.

"Wewe nyamaza," alisema Bakhit. "Atafasiri Sleyum."

Sleyum alikuwa kijana wa ofisi, naye amekulia Unguja, shati lake la mikono mirefu limefungwa mpaka kooni. Akasogea mbele.

"Sheikh anakuuliza, mama, uliacha watoto wangapi Unguja?"

"Niliacha binti mmoja. Mwaka ule wa sitini na nne. Tulikusanywa bandarini, na yeye alikuwa shamba kwa bibi yake. Waliniambia panda, mwanao atakuja na meli ya pili. Nikapanda. Meli ya pili haikuja."

Sleyum alifasiri. Sheikh alitikisa kichwa.

"Na huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Thani aliukandamiza mgongo wake ukutani. Alimwona Muhsina akiinua mkono kuufikia utaji wake, kama anayetaka kuufunua aseme. Bi Sayyida, asiyeona ila vivuli, akaushika mkono ule katikati, akauteremsha, akaukalisha juu ya goti lake.

"Huyu ndiye niliyeletewa," alisema. "Analala chumbani kwangu. Ananitilia maji ya udhu. Chakula changu ananiwekea mkononi. Sina binti mwingine."

Sleyum alifasiri, lakini alichelewa kidogo kwenye maneno ya mwisho, na alipoyasema aliyasema vilevile, hakuongeza wala kupunguza.

"Hajajibu," alisema Bakhit. "Aulizwe kama huyu ndiye aliyemzaa."

Bi Sayyida hakusubiri kufasiriwa. Safari hii alisema kwa Kiarabu, Kiarabu cha babu zake, cha zamani kuliko cha karani.

"Mimi ni mjane wa Aflah bin Thani. Mume wangu alikuwa akiketi na baba zenu. Leo nimekalishwa mbele ya wanaume niulizwe habari ya tumbo langu. Nimesema sina binti mwingine. Anayetaka zaidi ya hilo, aniambie anataka nimwoneshe nini."

Chumba kizima kilitazama chini. Ghanim aligeuka akatazama dirishani. Sheikh alijikuna shavu, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba hakuridhika, kwamba sikio lake limesikia jambo limepita pembeni. Alimtazama Thani kwa muda mrefu, kisha Muhsina, kisha Thani tena. Mwisho akavua pete yake ya muhuri.

"Mwanamke mkubwa ameshasema," aliwaambia. "Mpeni pasi yake."

*

Landrova ilikuwa na dereva mbele, Mbalushi asiyejua Kiswahili. Walikuwa hawajapita mlango mkubwa wa mji, Bi Sayyida alipouliza, "Alikufa kwa maradhi gani?"

Thani aligeuka kitini. Masouda, aliyekuwa akiwasubiri garini, alishika mkono wa mumewe.

"Kifua," alisema Muhsina.

"Nani aliyemwosha?"

"Mimi, na mwanamke mwenye nyumba."

"Aliswaliwa?"

"Aliswaliwa, Bi mkubwa. Watu walijaa, hata wasiomjua. Amezikwa Mombasa. Nnalijua kaburi lake."

Bi Sayyida alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea hesabu iliyo sawa.

"Mama, ulijua?" alisema Thani.

"Rahila hakuwa akiniita mama. Wewe ulipoondoka nilimpeleka shamba kwa bibi yake. Huko akawasikia ndugu zangu wadogo wananiita dada, na yeye akaacha mama, akafuata. Nilimwacha. Nilikuwa nikipenda. Huyu aliingia mlangoni akasema 'mama'."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema siye, ningelazimika kuuliza yeye yuko wapi." Alifungua kiganja, akakifumba. "Nilitaka siku chache zaidi."

Gari lilipanda mlima, likateremka. Matrah ilipoonekana, Bi Sayyida alizungumza tena, bila ya kugeuza uso.

"Muhsina."

"Labeka."

"Mbele ya watu niite mama. Lazima. Mwanangu ameapa, na mimi nimesema niliyosema. Tukiwa peke yetu usiniite hivyo. Sijakusamehe."

"Sawa, Bi Sayyida."

*

Habari iliwatangulia. Walipofika, uani kulikuwa kumeshatandikwa mikeka, na wanawake wa mtaa wamekuja na halwa kumpongeza Bi Sayyida kwa pasi ya binti yake. Mahbuba alikuwepo pia, amekaa karibu na mlango, si ndani sana. Masouda alimpa kikombe kama wengine, na Mahbuba alikipokea kwa mikono miwili.

Bi Sayyida alikalishwa katikati, juu ya godoro. Alianza kulia hapo hapo, bila ya sauti, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti ambayo haikufichika. Mikono yake ilipiga mapaja. Wanawake walimzunguka wakimfuta.

"Furaha hiyo," alisema mmoja. "Muacheni alie. Miaka yote hiyo."

"Mshukuru Mungu, Bi Sayyida. Umempata mwanao."

Thani alisikia kutoka barazani, alikokaa na wanaume waliokuja kumpa mkono. Aliwapa mkono mmoja mmoja. Walimwambia hongera, naye akawaambia ahsanteni. Ghanim hakuja.

Ndani, Muhsina alipita katikati ya wageni na kikombe cha kahawa, akapiga goti mbele ya godoro.

"Mama," alisema. "Kahawa."

Wanawake wote walikuwa wanatazama. Bi Sayyida alinyoosha mkono, akakitafuta kikombe hewani mpaka akakipata, akanywa.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na sahani za halwa kukusanywa, Masouda alikuwa anafagia ua. Aliusikia mlango wa chumba cha mama mkwe wake ukifunguliwa, na sauti ya Muhsina, ya chini, yenye adabu ya mgeni.

"Bi Sayyida. Nikutandikie?"

Ufagio ukasimama mkononi mwa Masouda.

"Nitandikie," alisema Bi Sayyida. "Halafu ukae hapa unambie tangu mwanzo. Tangu mlipojuana."